Kilomita Chache, Miaka Mingi

"Crown Royal Saloon ya 2006, kilomita 48,000 tu, injini haijaguswa, AC ya barafu, ilikuwa ya mzee mstaafu, njoo na fundi wako, bei maelewano." Matangazo ya namna hii hayakauki kwenye simu zetu. Picha nazo huwa zilezile: rangi nyeupe ya lulu, viti vya kitambaa laini visivyo na doa, urembo wa mbao kwenye dashibodi, na mita imepigwa picha kwa karibu ili tarakimu zionekane vizuri. Mtu aliyekuwa anajikusanya anunue IST au Passo anaona bei ya Crown hii haiko mbali na ile aliyokuwa anaiwazia, na usingizi unamruka.

Simlaumu. Sedani kubwa za Kijapani za miaka ile ziligharimu fedha nyingi kuzitengeneza kuliko bei zake za leo zinavyoonyesha. Toyota Crown ya kizazi kilichoingia sokoni Desemba 2003, ile ambayo Wajapani waliiita Zero Crown, ilikuja na chasisi mpya, injini mpya za V6 na utulivu wa ndani ambao magari madogo ya sasa hayaufikii. Mark X iliyoifuata mwaka 2004 ilichukua injini hizohizo ikaziweka kwenye bodi ya kijana. Ukikaa ndani ya mojawapo kwenye foleni ya Morogoro Road, kelele zote zikabaki nje, unaelewa kwa nini watu huzitamani.

Ninachopinga ni jambo moja: kuifanya mita iwe hakimu. Kilomita zinakwambia magurudumu yamezunguka kiasi gani. Hazikwambii mpira umekauka kiasi gani, oili ilikaa muda gani bila kubadilishwa, wala gari lililala wapi. Kwa gari la miaka minne, mita ina uzito mkubwa. Kwa gari la miaka kumi na minane inashuka hadi nafasi ya tatu, nyuma ya kumbukumbu za matengenezo na nyuma ya hali ya vile vitu ambavyo huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa. Mnunuzi anayeanza na mita huwa ameshapenda kabla hajakagua, na aliyependa hakagui tena.

Hata hivyo tuanze na swali ambalo kila mmoja analo moyoni: hizo kilomita ni za kweli?

Inawezekana kabisa. Japani mtu mwenye gari lake binafsi huendesha karibu kilomita 10,000 kwa mwaka, na wakazi wa miji mikubwa huwa chini ya hapo kwa sababu treni zipo. Gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo wanauita shaken, na una gharama. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo hupanda. Mzee wa Nagoya mwenye Crown ya kuendea hospitali na sokoni anafika mahali anaona heri aliuze kuliko kulilipia. Kwa hiyo gari la zamani lenye kilomita chache kutoka kule si hadithi ya kubuni.

Tatizo ni kwamba kutoka mnadani Japani hadi yadi ya hapa kwetu gari linapita mikono mingi, na mita ya kidijitali hurudishwa nyuma kwa mashine ndogo inayoshikika mkononi. Usibishane na dalali kuhusu hilo, maana yeye atakuapia. Tafuta maandishi.

Fungua mlango wa dereva, inama, tazama ukingo wa mlango na nguzo yake. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika kibandiko kidogo kila zinapobadilisha oili, chenye tarehe na kilomita. Mara nyingi kibandiko hicho husahaulika hapohapo, kimefifia lakini kinasomeka. Mwaka huandikwa kwa enzi za wafalme wao: kwa enzi ya Heisei unajumlisha 1988, kwa enzi ya Reiwa iliyoanza Mei 2019 unajumlisha 2018. Basi kibandiko kikisoma 28.5.10 na chini yake 61,300, maana yake tarehe 10 Mei 2016 gari lilikuwa na kilomita 61,300. Angalia tu kama kimeandikwa kilomita za siku ile au zile za kubadilisha oili mara ijayo. Tofauti yake huwa elfu chache, kama 5,000 hivi. Mita ya leo ikisoma 48,000, hapo hakuna biashara tena. Shukuru, funga mlango taratibu, ondoka.

Kidroo cha mbele ya abiria nacho kifunguliwe. Wajapani huacha humo kijitabu cha matengenezo, na wauzaji wetu hukiacha kwa kuwa hawakisomi. Kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakusomea kurasa zake papo hapo. Gari lililoagizwa karibuni linapaswa kuwa na hati ya kufutwa usajili kule, na kama lilipitia mnadani lina karatasi ya mnada. Karatasi hiyo hupewa alama: 4.5 na 4 ni nzuri, 3.5 ni ya kawaida, na herufi R maana yake gari liliwahi kugongwa au kutengenezwa sehemu za muundo wake. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama yoyote ya ziada kando ya tarakimu za kilomita iulizwe maana yake kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu gari lenyewe huongea. Kilomita 48,000 hazili raba ya pedali ya breki hadi chuma, wala hazing'arishi ngozi ya usukani mpaka vinyweleo vyake vikafutika. Tazama tairi: ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2307 ni wiki ya 23 ya mwaka 2007. Ukikuta gari la 2006 bado lina tairi za miaka hiyo, una ushahidi mzuri kwamba halikutembea. Vilevile una tairi nne za kutupa siku hiyohiyo, hata kama kashata zake bado ni nzima.

Kama gari limekuwa hapa nchini muda mrefu, namba yake ya usajili ni ushahidi pia. Gari lenye namba ya Tanzania ya mfululizo wa B limekuwa barabarani kwetu zaidi ya muongo mmoja. Mtu wa Mbezi anayefanya kazi Posta hula karibu kilomita 40 kwenda na kurudi. Kwa mwaka wa kazi hizo ni kama kilomita 10,000. Muuzaji aeleze kwa nini lake limeongeza elfu chache tu. Maelezo yanaweza kuwepo: mwenyewe alihamishiwa nje ya nchi, au aliugua, au lilikuwa gari la pili nyumbani. Ila yawe maelezo yanayoweza kuthibitishwa, yasiwe ya mama mmoja aliyekuwa anaendea kanisani.

Tuchukulie sasa kwamba kilomita ni za kweli. Wengi hapo hufungua pochi. Mimi ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu gari lililokaa lina maradhi yake ambayo gari linalotembea halina.

Mpira ndio wa kwanza. Sedani ya kifahari ina mpira kila mahali, na ulaini wake unategemea huo: bushi za mikono ya mbele na nyuma, mauntingi za injini, mipira ya rejeta, sili za giaboksi na za usukani, mabuti ya eksele. Mpira hukauka kwa miaka. Lipandishe gari juu ya shimo la gereji na mwombe fundi aingize mtaimbo kati ya mkono wa mbele na chasisi, abinye taratibu. Bushi ikiwa nzima, inarudi. Ikiwa imezeeka, nyufa zinafunguka mbele ya macho yako, na wakati mwingine unaona kimajimaji cheusi kimevuja kutoka kwenye zile bushi zenye oili ndani. Gari hilohilo ukiliendesha dakika kumi kwenye lami nzuri hutasikia kitu. Baada ya miezi mitatu ya matuta na mashimo ya mtaani utasikia kila kitu, na utasema umerogwa wakati lilikuja hivyo.

Majimaji nayo huzeeka. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 bila kujali kilomita. Kulanti hupoteza dawa yake ya kuzuia kutu. Petroli iliyokaa tangini mwaka mzima huacha gundi kwenye nozeli na hudhoofisha pampu. Crown za kizazi cha nyuma, zenye injini za 1JZ na 1G, zina mkanda wa taiming, na mkanda ni mpira pia: usikubali hoja kwamba haujafika kilomita 100,000 wakati umefungwa pale miaka ishirini. Za kuanzia 2003 zina cheni, huko umepona.

Jambo la injini linahitaji subira kidogo, kwa sababu ndilo linalopindua hesabu ya wengi. Injini inayowashwa, ikaenda kilomita 2 hadi sokoni, ikazimwa, haipati moto wa kutosha. Unyevu na petroli inayopenya kwenye oili havipati nafasi ya kuvukizwa, na oili huanza kuwa tope. Kilomita 40,000 za namna hiyo zinaweza kuchakaza kuliko kilomita 120,000 za barabara kuu.

Kwa Crown na Mark X nyingi zilizopo kwetu kuna nyongeza. Injini yake ya lita 2.5, 4GR-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Katika injini za mtindo wa zamani petroli hupita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha kila mara. Katika hii valvu hizo hazioshwi, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa huganda juu yake ukawa masizi. Injini hiyohiyo ilifungwa kwenye Lexus IS 250 iliyouzwa Marekani, na malalamiko ya masizi yalikuwa mengi kiasi kwamba Lexus ilianzisha mpango maalumu wa kuyashughulikia. Safari fupifupi huzidisha tatizo. Dalili zake ni kutetemeka gari likiwa limesimama linaunguruma, kukosa nguvu wakati wa kupandisha mlima na taa ya injini kuwaka na kuzima. Tiba ni kufungua manifodi na kusafisha valvu moja moja. Si maajabu, ila ni kazi ya siku nzima inayotaka fundi mtulivu. Injini ya lita 3.5, 2GR-FSE, imewekewa seti mbili za nozeli, moja kwenye njia ya hewa na nyingine ndani ya silinda, na kwa hiyo tatizo hili huipata kwa nadra.

Unaona basi: Mark X ya kilomita 45,000 iliyoishi kwa safari za sokoni inaweza kuwa na valvu chafu kuliko ya kilomita 130,000 iliyokuwa ikipiga barabara ya mwendo kasi. Yule dalali anayekupandishia bei kwa sababu ya mita hajui hilo, au analijua na ananyamaza.

La mwisho kuhusu umri ni la usalama. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo iliomba kinga ya ufilisi mwaka 2017, ilikuwa na kemikali ya nitrati ya amonia inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikishaharibika, ajali ndogo inaweza kuufanya mtungi wake upasuke na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Toyota, Honda, BMW, Mercedes-Benz na wengine waliyaita magari mamilioni yarudi kubadilishwa. Joto na unyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, na kilomita chache hazisaidii chochote hapo. Chukua namba ya chasisi, uiingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kuangalia magari yaliyoitwa, ule wa Japani kama gari ni la soko la Japani. Ni bure.

Wanaotazama upande wa Ujerumani nina maneno machache kwao. Mercedes E-Class ya W211, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009, ni gari zuri ajabu, na za kabla ya maboresho ya 2006 zina breki za SBC zinazotegemea pampu ya umeme ambayo kompyuta huhesabu matumizi yake. Hesabu ikifika kikomo, dashibodi inawaka nyekundu na pampu inataka kubadilishwa. Injini zake za V6 za M272 za miaka ya mwanzo zina meno ya shafti ya usawazishaji yanayolika mapema, na kuyafikia ni kuibomoa injini. Zenye mito ya hewa badala ya springi zitakuachia gari limelala chini asubuhi moja. Kwa BMW ya E60 yenye injini ya N52, pampu ya maji ni ya umeme: haivuji kwanza ili ikuonye, inakufa, na usipokuwa makini injini inachemka. Yote haya yanatengenezeka. Swali ni kama mji unakoishi una fundi mwenye mashine ya kuyasoma, siyo fundi anayebahatisha kwa kubadilisha spea moja baada ya nyingine kwa fedha yako.

Kwa hiyo nikipewa kuchagua kati ya E-Class ya kilomita 50,000 isiyo na risiti hata moja na nyingine ya kilomita 140,000 yenye faili nene la gereji, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Na nitaomba bei ya chini vilevile, kwa kuwa soko linaogopa tarakimu.

Sasa fedha. Anayetaka kuagiza mwenyewe ajue kwamba Tanzania haikatazi gari la zamani, ila inalitoza. Juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, halafu kuna ule wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa linalozidi miaka 10. Viwango hugeuka na bajeti, na thamani inayotumika ni ya Mamlaka ya Mapato, TRA, siyo ya risiti yako. Kikokotoo chao kipo kwenye tovuti, kitumie kabla hujatuma fedha Japani. Kenya haina mjadala huo, kwa sababu gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Mark X ya 2008 unayoiona Nairobi imeshakuwa mwenyeji. Kwa mtu wa Dar es Salaam mara nyingi hesabu inaangukia kwenye gari ambalo tayari lipo nchini na limeshalipiwa.

Mafuta: V6 ya lita 2.5 kwenye foleni za mjini itakupa kilomita 7 hadi 9 kwa lita, na hapo AC inafanya kazi yake. Spea: za Crown na Mark X zinapatikana Gerezani na mitaa ya Kariakoo, mpya, feki na za mtumba kutoka Japani, zimechanganywa kwenye rafu moja. Bushi feki itakufa kabla ya mvua za vuli. Bima: kampuni nyingine husita kutoa bima kubwa kwa gari lenye umri huo, au huikubali kwa thamani ndogo, kwa hiyo uliza kabla. Chini ya gari nako kupimwe kwa macho: sedani hizi zina nafasi ya sentimita 15 hivi kutoka ardhini, na kama barabara ya kwako hugeuka mto wakati wa masika, ukweli huo ni mkubwa kuliko yote niliyosema kuhusu injini.

Kanuni ninayowapa wanaoniuliza ni kutumia theluthi mbili ya fedha waliyonayo kununua gari, na theluthi moja kuibakiza kwa ajili ya gari hilohilo. Aliyemaliza yote kwenye kununua huishia kuegesha Crown getini na kupanda basi la mwendokasi.

Siku ya kulijaribu gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Matatizo mengi hujificha injini ikishapata joto. Washa ufunguo bila kuwasha injini, uone taa ya cheki injini inawaka kwanza. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima. Kisha washa, usikilize sekunde chache za mwanzo. Mkwaruzo wa cheni unaoisha haraka ni cheni au kikaza chake kinaomba msaada. Moshi wa bluu ni oili. Acha liungurume mpaka feni ya rejeta ijiwashe na kujizima, AC ikiwa juu, huku unamtazama muuzaji anavyokosa raha. Toa gia kwenye P kwenda R, kisha D, mguu ukiwa kwenye breki: giaboksi nzima hushika taratibu, mbovu hugonga. Halafu nenda barabara mbovu, siyo ile aliyokuchagulia yeye. Sauti ya mama wa Kijapani inayokukumbusha kila asubuhi kwamba hujaweka kadi ya barabara za kulipia haina madhara, unaweza hata kuizoea. Redio inayoishia 90 FM pia ni kasoro ya kuchekesha tu. Kutu chini ya gari ndiyo isikuchekeshe, hasa kama lilitoka Hokkaido au mikoa mingine ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi.

Fundi wa kwenda naye awe wako, na alipwe hata kama gari hukulinunua. Fundi anayelipwa biashara ikifanyika ana maslahi katika kukwambia ndiyo. Awe na mashine ya kupimia, na asome hata kompyuta ya breki na ya mifuko ya hewa, si ya injini peke yake.

Karatasi nazipitia haraka kwa kuwa ni wazi, ingawa watu huzisahau: kadi halisi ya gari yenye jina la anayekuuzia, namba ya chasisi na ya injini zilingane, deni la faini kwenye mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani, deni la maegesho. Gari lililokuwa la ubalozi au la mradi liliingia kwa msamaha wa kodi. Hakikisha kodi hiyo imelipwa kabla ya umiliki kubadilika, la sivyo itakufuata wewe.

Bei ijadiliwe kwa orodha, siyo kwa kulalamika. Mwekee muuzaji karatasi: tairi nne, bushi za mbele, oili zote, kulanti, betri, kusafisha valvu, kila kimoja na bei uliyoiuliza dukani. "Mzee wangu, gari ni zuri, lakini hivi vyote nitavinunua mimi mwezi huu." Muuzaji mstaarabu atakutana nawe katikati. Anayesema gari la kilomita 48,000 halihitaji hivyo vyote, hajui anachouza, na pengine hakuwahi kukifanyia chochote.

Ukishalichukua, mwezi wa kwanza ni wa gereji. Badilisha oili ya injini, kisha ibadilishe tena mapema, baada ya kilomita 2,000 hivi, kwa sababu ya kwanza itatoka na uchafu wa miaka. Oili ya giaboksi iwe ile iliyoandikwa kwenye kijitabu, kwa zile zinazotaka aina ya WS iwe WS, siyo oili nyekundu yoyote ya dukani. Liendeshe kila siku, polepole ukirefusha safari: Bagamoyo na kurudi, kisha Morogoro, ukikagua chini kila unapoegesha kama kuna tone. Sili zilizolala miaka mingi huanza kuvuja zikiamshwa, na ni heri zivuje ukiwa Chalinze kuliko usiku kwenye mteremko wa Mombo. Ukinunua Novemba, usiwaahidi watoto kwamba Krismasi mtakwenda nalo Moshi. Mwaka huu pandeni basi.